Nyumba ya fremu ya chuma na radi: eathi moja au mbili?

Swali lenyewe nalifupisha ili na wengine wafuatilie. Ndugu mmoja yuko Bukoba anajenga nyumba ya kuishi, nguzo na kenchi ni skweapaipu, ukutani ni zile fito nyepesi za chuma kilichokunjwa zinazofungwa kwa skrubu, ndani atapiga gipsamu na nje fisha bodi, juu bati geji 28. Msingi umeshachimbwa, zege bado halijamwagwa. Fundi umeme kamwambia eathi ya umeme isiguse fremu hata kidogo, na radi iwekewe eathi yake pembeni huko mbali. Fundi wa kuchomelea kamwambia asihangaike, nguzo zikishaingia kwenye zege basi tayari ni eathi. Alafu majirani wanasema nyumba ya chuma inaita radi. Anauliza amsikilize nani.

Ndugu yangu, kwanza umeuliza wakati mzuri sana, zege likiwa bado. Jibu langu kwa kifupi ni kwamba eathi inatakiwa moja tu, na kila kitu cha chuma kwenye hiyo nyumba kifungwe pamoja kwenye hiyo hiyo moja, fremu, bati, nondo, waya wa eathi wa umeme, bomba, dishi, sola kama ipo. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukielewa sababu hata fundi akibadilisha maneno saiti utajua wapi pa kukaza.

Nianze na majirani kwa sababu ni jambo fupi. Chuma hakiiti radi. Ile hesabu inayotumika kwenye kiwango cha kimataifa cha kinga ya radi, IEC 62305, kukadiria nyumba itapigwa mara ngapi inachukua urefu, upana na kimo cha jengo, inachukua radi ngapi zinapiga kilomita moja ya mraba kwa mwaka eneo hilo, na inaangalia nyumba imezungukwa na nini, basi. Hamna mahali pa kujaza kama ukuta ni tofali au chuma. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 10 yenye kimo cha mita 5 mpaka kwenye kofia ya paa, eneo lake la kuvuta radi linakuja kama mita za mraba 1,500 hivi. Tuseme eneo lako linapigwa radi 20 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, nimeweka namba kubwa makusudi kwa sababu ukanda wote wa Ziwa Victoria, kuanzia Kagera, Mwanza mpaka Kisii na Kakamega kule Kenya na upande wa Uganda, ni sehemu zenye radi nyingi kweli kweli kidunia. Zidisha utapata 0.03 kwa mwaka, yaani wastani wa mara moja kila miaka 33, na kama kuna miti na nyumba za kimo hicho hicho karibu inashuka tena nusu. Ungejenga kwa tofali za kuchoma ungepata jibu lile lile. Kinachobadilika kwa chuma ni kile kinachotokea radi ikishapiga, na hapo chuma kinaweza kuwa rafiki yako mkubwa au kikawa hatari, inategemea umekifunga vipi.

Na hatari hiyo ipo kweli. Juni 2011 wanafunzi 18 walikufa kwa radi shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo Uganda. Novemba 2024 huko huko Uganda, kambi ya wakimbizi ya Palabek wilaya ya Lamwo, watu 14 walikufa wakiwa wamekusanyika kwenye ibada. Paa la bati lililokaa juu ya miti au tofali bila njia ya chuma ya kushuka ardhini halimlindi aliye chini yake, umeme wa radi ukifika ukingoni mwa bati unatafuta pa kurukia na mwili wa mtu ni njia nzuri kuliko ukuta mkavu. Nyumba yako wewe ina nguzo za chuma kila mita chache kwa iyo njia ya kushuka unayo tayari, tena nyingi, na mkondo unagawanyika humo badala ya kupita sehemu moja. Kwenye nyumba ya tofali mtu analipa hela kuteremsha waya wa shaba wa milimita za mraba 50 kila kona ili apate kile ambacho wewe umeshakinunua kama nguzo.

Sasa hoja ya fundi umeme ya eathi mbili. Hii ndo nataka tuikae.

Radi ya kawaida mkondo wake unafika kama ampea 30,000. Tuseme umepata eathi nzuri ya omu 10, ambayo ndo inapendekezwa kwa kinga ya radi. Piga hesabu ya haraka, 30,000 mara 10 ni volti 300,000. Maana yake kwa muda huo mfupi sana fremu yako yote, ikiwa na eathi nzuri kabisa, imepanda mpaka mamia ya maelfu ya volti kulinganisha na ardhi ya mbali. Hamna eathi ya nyumbani itakayoizuia isipande. Watu wengi wanadhani kazi ya eathi ni kuifanya fremu ibaki sifuri, haiwezekani kwa radi. Kinachomwokoa mtu ni kwamba kila anachoweza kukigusa kimepanda pamoja kwa kiasi kile kile, kama ndege aliyekaa kwenye waya wa TANESCO, volti ipo lakini hakuna tofauti kati ya mguu na mguu.

Weka sasa eathi ya umeme pembeni mbali haijaungwa na fremu, kama fundi anavyotaka. Radi imepiga, fremu iko juu huko kwenye volti 300,000, waya wa eathi wa soketi umebaki chini karibu na sifuri kwa sababu rodi yake iko sehemu nyingine. Na huo waya unapita wapi? Unapita ndani ya tundu la fito ya chuma, umetenganishwa na fremu na plastiki ya unene wa milimita moja ambayo imetengenezwa kwa ajili ya volti mia chache. Itatoboka. Cheche zitaruka ndani ya ukuta, nyuma ya gipsamu, kwenye friji, kwenye boksi la soketi ambalo lipo sentimita kumi kutoka kichwani kwa mtoto aliyelala. Kutenganisha eathi ndo kunatengeneza hiyo tofauti. Ukiziunga, soketi na fremu vinapanda pamoja na vinashuka pamoja.

Lakini fundi wako hajatoa hofu yake hewani, na nataka nimtendee haki. Yeye anawaza hivi: fremu ikiungwa na eathi ya umeme, siku pasi au hita ya maji ikipiga shoti kwenye bodi yake, umeme utasambaa nyumba nzima, kila nguzo. Ni kweli kabisa. Angalia hesabu yake. Kwa mtindo wa kila nyumba kuwa na rodi yake, umeme wa shoti unarudi transfoma kupitia udongo. Rodi yako omu 20, eathi ya transfoma tuseme omu 5, jumla 25, gawa 230 kwa 25 unapata ampea 9.2. Breka ya ampea 20 au 32 hapo haishtuki kabisa, inaona kama mtu amewasha jiko. Na wakati huo fremu yako imekaa kwenye volti 184, saa nzima, usiku mzima, mpaka mtu akanyage udongo wa mvua nje akashika nguzo ya baraza.

Dawa yake ni RCD, ile swichi yenye kitufe cha kujaribu, ya miliampea 30, ikae kwenye meni swichi ibebe saketi zote. RCD inaangalia kama umeme uliotoka ndo uliorudi, ikikosekana miliampea 30 tu inakata ndani ya sekunde 0.3, na kwa uvujaji mkubwa kama huo wa ampea 9 ni sekunde 0.04. Kutenganisha fremu hakusaidii chochote hapo, tena kwenye nyumba ya fito za chuma ni mbaya zaidi, kwa sababu chanzo kikubwa cha fremu kushika umeme wala si pasi, ni waya ndani ya ukuta. Zile fito zinakuja na matundu ya kupitisha waya, kingo zake ni kali kama wembe, fundi anavuta waya kwa nguvu kutoka upande wa pili na ganda linachanika hapo hapo bila yeye kuona. Au mtu wa gipsamu anapiga skrubu ndefu inapita bodi, inapita waya, inaingia fito. Fremu ikiwa imeungwa na eathi, na RCD ikiwepo, siku hiyo hiyo inakata na unajua kuna tatizo. Fremu ikiwa inaelea bila kuungwa, hakuna kinachokata, fremu inabaki na umeme kimya kimya inasubiri mkono wa mtu.

Kwa iyo kwenye kila tundu la fito ambalo waya unapita dai kola ya raba au ya plastiki, au waya wote uwe ndani ya paipu. Simama uangalie mwenyewe kabla ukuta haujafungwa, pitisha kidole kwenye tundu utaona ninachosema.

Nirudi kwa fundi wa kuchomelea, kwamba zege peke yake linatosha. Nusu yake yuko sahihi na ni nusu nzuri sana. Zege lililo ardhini linashika unyevu na linapitisha umeme vizuri kuliko udongo mwingi. Miaka ya 1940 mhandisi Herbert Ufer alikuwa anatafuta eathi kwa ajili ya maghala ya mabomu ya jeshi la Marekani kule Arizona, jangwani, rodi za kawaida zinashindwa, akatumia nondo za msingi ndani ya zege, na miaka kama ishirini baadaye zilipopimwa bado zilikuwa kwenye omu 2 mpaka 5. Ni jangwa hilo, wewe uko Bukoba ambako mvua haikosi.

Nusu anayokosea ni kwamba zege halijiungi lenyewe na fremu. Mara nyingi chini ya jamvi inatandikwa nailoni ya kuzuia unyevu, zege lililo juu ya nailoni limetengwa na udongo, kwa iyo nondo za jamvi hazihesabiki kama eathi, zinazohesabika ni zile za mkanda wa msingi zilizoko chini ya nailoni na zimegusana na udongo. Alafu ile fito ya chini ya ukuta inakaa juu ya utepe wa plastiki au lami, imefungwa kwa bolti zilizogundishwa na gundi ya kemikali ambayo yenyewe haipitishi umeme. Ukiangalia kwa macho utaona chuma kimeingia kwenye zege, ukipima kwa mita utakuta hamna kitu.

Sasa cha kufanya wiki hii kabla ya zege. Nondo za mkanda wa msingi zifungwe mzunguko kamili kuzunguka nyumba yote, usikubali ikatike mlangoni. Waya wa kufungia nondo unatosha kwa sehemu nyingi ukiwa umekazwa vizuri, ila mimi naomba mchomeleaji achomelee kila kona na kila baada ya mita 5 hivi, ni kazi ndogo na yupo hapo hapo. Kwenye kila nguzo toa nondo moja ya milimita 10 au 12 ipande ichomelewe na nguzo ya skweapaipu moja kwa moja. Sehemu moja karibu na meni swichi toa kipande cha flati bari ya mabati kitokeze nje ya zege angalau nusu mita, hapo ndo itakuwa bamba kuu la eathi ambapo waya zote zitakutana. Piga picha za simu kabla zege halijamwagwa, kila kona, maana baada ya hapo hakuna wa kukuthibitishia.

Juu ya huo msingi ongeza rodi, lakini sio zile fupi za mita 1.2 zinazouzwa sana madukani ambazo nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu. Kila rodi ishuke mita 2.5 au zaidi, mbili mpaka nne, kwenye kona zilizopingana. Mahali penye mwamba kama vilima vya Mwanza rodi haiendi, hapo watu wanazungusha waya mtupu au flati bari kwenye mfereji wa kina cha nusu mita, mita moja kutoka ukutani, na hiyo inafanya kazi vizuri sana. Mambo ya kumwaga chumvi na mkaa achana nayo, chumvi inaondoka na mvua na ikiwa inaondoka inakula chuma.

Kuhusu shaba na mabati kuna mtego ambao unaharibu kazi nyingi. Nondo ndani ya zege kitabia zinafanana na shaba, kwa iyo rodi inayoungana nazo kwenye udongo iwe ya shaba au chuma cha pua, ukiweka rodi ya mabati italiwa haraka. Lakini juu ya paa ni kinyume, shaba usiipandishe huko kabisa, maji ya mvua yakipita kwenye shaba yakadondokea bati yanakula zinki na baada ya muda una kutu mistari mistari. Juu tumia alumini au mabati. Na pale waya wa shaba unapofungwa kwenye nguzo ya mabati weka lagi (kile kichwa cha kubana mwisho wa waya) iliyopakwa bati nyeupe au washa ya metali mbili, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, alafu paka grisi au rangi juu ya kiungo kizima.

Bati lako la geji 28 ni kama milimita 0.4. Kiwango kinataka chuma kuanzia 0.5 ili bati lenyewe lihesabiwe kama kipokea radi, tena hapo wamekubali kwamba linaweza kutoboka, ukitaka lisitoboke kabisa ni milimita 4, ambayo hakuna anayeezeka. Kwa iyo lako radi ikilipiga moja kwa moja itaacha tundu na matone ya chuma cha moto yanaweza kudondoka darini. Mimi kwako ningepitisha waya wa alumini wa milimita 8 juu ya kofia kutoka mwisho mpaka mwisho, uinuliwe kidogo kwa vishikio, ncha mbili zishuke kwenye kenchi na nguzo za pembeni kwa klempu. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na paa. Zile aresta zenye kichwa kinachong'aa ambazo muuzaji anakwambia moja inalinda mita mia kuzunguka usinunue kwa ahadi hiyo, IEC 62305 haizipi eneo kubwa kuliko fimbo ya kawaida ya urefu huo huo. Na rangi ya bati haina shida kwa radi, ni nyembamba mno, rangi inaleta shida kwenye viungo vya bolti tu. Skweapaipu iliyopakwa rangi alafu ikafungwa bolti juu ya rangi, hapo kwangua au chomelea au weka kipande cha waya cha kuruka kiungo.

Vitu vinavyoingia kutoka nje ndo mlango uliobaki. Waya wa TANESCO kutoka nguzoni unakuja na ardhi ya mbali, ukiunga fremu vizuri alafu ukausahau huo, tofauti niliyoielezea juu inatokea kwenye meni swichi. Huwezi kuufunga moja kwa moja na eathi kwa hiyo unatumia saji protekta, kifaa kinachopitisha volti kubwa ya ghafla kwenda eathi. Kwako kwa kuwa kuna waya wa radi paani iwe ya taipu 1, ya kiloampea 12.5 kwa kila pole, ikae kabla ya RCD, na waya zake zisizidi nusu mita zote pamoja, fundi akizizungusha kwa urembo ndani ya boksi anaua kazi yake. Muulize muuzaji ile ambayo kati ya nyutro na eathi ina chemba ya cheche (spark gap), ndo inayofaa mfumo wetu wa rodi ya nyumbani. Dishi, bomba la maji la chuma, tenki la juu na fremu za paneli za sola vyote viungwe na fremu kwa waya wa milimita za mraba 16 au zaidi, na kutoka bamba kuu kwenda msingi na rodi iwe 16 ya shaba.

Baraza lako kama lina nguzo za chuma, na najua ndo pa kukaa jioni, chini yake mwaga kokoto ya sentimita 15 kuzunguka kwa upana wa kama mita 3 badala ya udongo mtupu. Wakati wa ngurumo watoto wasiegemee hizo nguzo, waingie ndani. Ndani ya nyumba iliyofungwa pamoja hivi ni sehemu salama sana, ila wakae mbali na bomba na vifaa vilivyochomekwa.

Kazi ya umeme mpe mwenye leseni ya EWURA na umwonyeshe haya. Kabla gipsamu haijapigwa dai vipimo viwili uvione kwa macho yako. Cha kwanza mwendelezo kutoka kofia ya paa mpaka bamba kuu la eathi, na kutoka kila nguzo ya kona, isizidi omu 0.2, kipimwe kwa mita ya kupimia omu ndogo, sio testa ya bisibisi na sio kile kimita cha kulia pii. Cha pili eathi yenyewe kwa mashine ya vijiti vitatu, kabla laini ya TANESCO haijaungwa, ikifika omu 10 au chini yake endelea, ikizidi ongeza rodi ndefu upande mwingine upime tena. Umeme ukishawaka bonyeza kitufe cha RCD mbele ya fundi, na kuanzia hapo ukibonyeze mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Kikigoma kukata siku yoyote, zima meni na umwite fundi siku hiyo hiyo.